Hudi ya mia nne imenitia aibu kwenye kupamba

Ami, shikamoo.

Mimi ni msichana wa Kisauni, huu ni mwaka wa pili napiga picha za kulipwa. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili niko bichi ya umma ya Jomo Kenyatta, pale tunapopaita Pirates, nikipiga familia zilizotoka bara na watoto wanaoogelea na mipira ya gari. Usiku, Mungu akijalia, napata kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha biharusi. Unajua mambo ya huku: ukumbi ni wa wanawake watupu, mwanamume mwenye kamera hapiti mlangoni, kwa hivyo sisi wachache hatukosi mwito.

Kamera yangu ni Canon ya mtumba. Ina lenzi mbili: zumu ya 18-55 mm iliyokuja nayo, ile ya zamani iliyoandikwa IS II, na 50 mm f/1.8 STM niliyoinunua zamu yangu ya chama ilipofika. Zote nimezifunga filta za UV za bei ya chini, kwa kuogopa mchanga.

Shida ilianzia bichi. Picha za saa moja na saa mbili asubuhi zinatoka zimefifia, kama zimemwagiwa tui. Buibui jeusi linakuwa la kijivu. Mwenzangu akaniambia dawa ni hudi, lile koo la plastiki linalofungwa mbele ya lenzi. Nikaenda duka moja mjini, nikaambiwa hudi halisi ya lenzi moja tu ni elfu tatu na mia nane. Ami, kwa kipande cha plastiki kisicho na kitu ndani! Nikatoka. Nyuma ya Digo Road nikampata muuza vifaa vya simu aliyekuwa na hudi ya mia nne, iliyokatwa kama ua lenye petali nne. Hesi yake, yale meno ya skrubu, ni milimita 58, ikaingia kwenye 18-55 bila taabu, na kusema kweli kamera ilipendeza, ikawa kama ya watu wa televisheni.

Sasa mambo mawili. La kwanza, baadhi ya picha zina pembe nyeusi na nyingine hazina, na mimi sikugusa chochote. La pili ndilo lililonitoa machozi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na kupamba huko Majengo. Taa za ukumbi zilikuwa hafifu, nikainua flashi ya kamera. Kwenye kiskrini kidogo niliona nyuso tu, nikaridhika. Nyumbani, kwenye kompyuta, nikakuta chini ya kila picha niliyompiga biharusi mzima pana kivuli kama nusu ya sinia, kimelala juu ya upindo wa gauni. Na gauni lenyewe limeshonwa shanga mpaka chini! Mamake biharusi amekataa kunimalizia elfu nane iliyobaki.

Niiuze hii hudi nichange ya elfu nne? Au nimsikilize binamu yangu, anayesema hudi ni urembo tu na nisijisumbue?

*Mpiga picha wa Kisauni*

---

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa hiyo elfu nane, tutaifikia. Na umefanya vyema kunieleza kivuli kwa maneno tu, bila kunitumia picha. Kupamba ni kwa wenyewe, na mimi umri huu sitaki kuingia kwa dirisha la simu mahali ambapo sikuruhusiwa kuingia kwa mlango. Kivuli chenyewe nakijua hata bila kukiona. Kimeshanila na mimi.

Binamu yako amekosea. Lakini na wewe ukichanga elfu nne utakuwa umekosea, maana hudi yako haina kosa la kuwa rahisi. Kosa lake ni kwamba haikutengenezewa lenzi ile. Ungeipata hiyo hiyo kwa elfu kumi, pembe zingekuwa nyeusi vilevile.

Ukisimama Mama Ngina kutazama meli ikiingia Kilindini jua likiwa usoni, mkono unafanya nini bila kuambiwa? Kiganja kinapanda juu ya nyusi. Jua halimo katika kile unachokitazama, meli iko chini na jua liko juu, lakini mwanga wake unalipiga jicho kwa pembeni na kila kitu kinakuwa ukungu. Lenzi ni hivyo hivyo. Ndani yake mna vioo kadhaa vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Mwanga usiohusika na picha ukigonga kioo cha mbele, unadundadunda humo ndani mpaka unasambaa juu ya picha nzima. Hilo ndilo tui lako. Hudi ni kiganja, basi.

Na wewe umechagua mahali pagumu. Bichi zetu zinatazama mashariki. Mteja anataka bahari iwe nyuma yake, kwa hivyo kila asubuhi unaielekeza lenzi kule jua linakotoka. Likipanda juu, mchanga wetu mweupe unaurudisha mwanga kutokea chini, na watu wengi hawaukumbuki huo, wanakinga juu tu. Ndiyo maana hudi nzuri ni ya kuzunguka pande zote. Ukingo wa kofia hautoshi.

Kabla hujatoa hata shilingi, Jumamosi hii fanya hivi. Simama pale unaposimama siku zote, piga picha moja. Kisha nyoosha mkono wa kushoto mpaka kivuli cha kiganja kianguke juu ya kioo cha lenzi, mkono wenyewe usiingie kwenye picha, upige tena. Ya pili ikitoka na weusi wa kweli, hudi itakufaa. Zikifanana, basi ama jua limo ndani ya picha yenyewe, na hapo hakuna hudi duniani itakayokusaidia, ama mwenye kosa ni mwingine. Na mwingine ninamjua: hizo filta zako.

Zitoe, mwanangu. Najua unaogopa mchanga. Lakini filta ya bei ya chini ni kioo bapa kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao, umekiweka mbele kabisa ya lenzi iliyopakwa dawa hiyo kiwandani. Jua likikipiga kinang'aa kama dirisha, na usiku ukumbini kila taa inajichora mara mbili, moja pale ilipo na ya pili imepinduka upande wa pili wa picha. Zaidi ya hayo filta inaisogeza hudi mbele kwa milimita kadhaa, na milimita hizo huongeza weusi kwenye pembe. Hudi itakuzuilia vidole vya watoto, na ukianguka itagonga kwanza yenyewe. Kama upepo unapeperusha mchanga, rudisha filta kwa saa hiyo, au funika lenzi ukanywe madafu.

Sasa hudi. Neno ninalowaambia wote wanaokuja kwangu na swali la bei: hudi haina kioo. Picha haipiti ndani ya kitu chochote ila hewa. Lenzi ya kuiga inaweza kukuharibia picha, hudi ya kuiga haina cha kuharibu ikiwa urefu wake, upana wake na namna inavyoshika ni sawa na ile halisi. Canon lenzi zao zenye mstari mwekundu huziuza na hudi ndani ya boksi, lakini hizi zetu za kawaida kwa sehemu kubwa wanakuuzia hudi kando, kwa bei iliyokushtua. Kwa hivyo wako wengi wanaotengeneza za kuiga, na mimi ninazo, na sioni haya.

Siri iko kwenye jina la hudi. Kila hudi ya Canon ina herufi na namba zake. Ya 50 mm f/1.8 STM yako ni ES-68. Ya 18-55 IS II ni EW-60C. Muuzaji akikwambia "hii inaingia Canon zote", mshukuru uende zako. Na usichanganye matoleo: 18-55 mpya zaidi, iliyoandikwa STM, inatumia EW-63C, na kwenye yako haishiki, ingawa zote mbili zina hesi ya filta ya 58. Wenye Nikon nao wasinune: 18-55 VR ya zamani ni HB-45, 50 mm f/1.8G ni HB-47. Hiyo HB-47 hutoka kiwandani ndani ya boksi la lenzi, kwa hivyo ukinunua ya mtumba muulize mwenyewe imekwenda wapi kabla hujaenda dukani.

Kwa 50 yako nunua ES-68 ya kuiga, wala usifikirie mara mbili. Itazame lenzi ile ikitafuta fokasi: kuna mrija mwembamba unatoka na kurudi mbele. Mrija huo ndio wenye hesi ya filta ya milimita 49. Ukifunga hudi ya hesi, hasa ya chuma, umeutundikia mzigo, na siku kamera itakapogonga nguzo ya mlango kipigo kitakwenda moja kwa moja kwenye mtambo wa fokasi. ES-68 haishiki hapo. Inashika kwenye mwili wa nje wa lenzi, unaizungusha inalia *tak*, na mrija unacheza ndani yake salama. Lenzi zenyewe tunazinunua kwa kubana matumizi, sijui kwa nini tuziue kwa hudi.

Ile 18-55 ndiyo yenye kisa, na hapa ndipo lilipo jibu la pembe zako nyeusi.

Itoe hudi. Weka swichi kwenye AF, kamera ijitafutie fokasi, tazama ukingo wa mbele wa lenzi ukibonyeza nusu, kwanza kwa kitu kilicho karibu kama kikombe mezani, kisha kwa paa la jirani. Umeona? Ukingo wote wa mbele unazunguka, hesi na kila kilichofungwa juu yake. Sasa fikiria ua lako la petali nne. Hudi ya namna ile haikukatwa kwa ajili ya urembo. Picha ni mstatili, na lenzi inaona mbali zaidi kwenye pembe kuliko juu na chini. Kwa hivyo fundi anaacha petali ndefu juu na chini, fupi kushoto na kulia, na kwenye pembe anakata bonde. Hudi hiyo ni lazima ikae wima daima. Kwako, mtoto aliye karibu akipigwa, petali iko mahali pake. Ukigeukia ngalawa kule kwenye mwamba, ukingo umezunguka na petali ndefu imelala kwenye pembe. Picha moja safi, ya pili nyeusi, na wewe kweli hukugusa kitu.

Kwa hiyo lenzi ikizunguka mbele, hudi iwe ya mviringo. EW-60C ni ya mviringo kwa sababu hiyo. Lakini nakwambia la moyoni, kwa kazi yako siipendi sana. Imekatwa fupi ili isionekane ukiwa kwenye 18, na ukivuta zumu mpaka 55, ambako ndiko unakopigia nyuso, inakinga kidogo mno. Hiyo ni kasoro ya hudi nyingi za lenzi za zumu, halisi na za kuiga: hupimwa kwa upande mpana, zikabaki fupi upande wa pili.

Nenda katafute ya mpira, mviringo, hesi ya 58, ile inayokunjika kwa hatua tatu. Ukiwa kwenye 18 unaikunja nyuma kabisa, katikati unaifungua nusu, kwenye 55 unaivuta yote. Ni kitu cha bei ndogo, muuza vifaa vya simu wako akikosa anaweza kukuagizia, na sura yake ni mbaya kama buti la mvuvi. Hakuna wa televisheni atakayekusalimia. Lakini inameza kipigo badala ya kukipitisha kwenye lenzi. Na siku ukipanda treni kule Miritini, ibandike kwenye kioo cha dirisha upige nje, taswira za behewa kwenye kioo hazitaonekana. Weka swichi kwenye MF, fokasi ya mkono, kila unapoifunga na kuifungua, maana ukizungusha mbele ya lenzi hiyo kwa nguvu ikiwa AF unasaga meno ya gia. Usiiache ndani ya gari juani, mpira unakuwa unanata. Ukitoka bichi ioshe kwa maji ya mfereji, ianike kivulini, na kabla ya kuifunga tena pitisha brashi ndogo kwenye hesi. Chembe moja ya mchanga humo na utahitaji mikono miwili na dua kuitoa.

Ukiipata usiiamini kwa macho tu. Weka zumu 18, tundu la lenzi f/16, hudi kama utakavyoitumia, piga ukuta mweupe au mbingu isiyo na mawingu, fokasi ikiwa mbali. Kwenye f/16 ukingo wa hudi ukiingia unajichora wazi, kwenye f/3.5 unajificha kama moshi. Na tazama pembe kwenye picha yenyewe, ukiikuza. Kijidirisha cha kamera hizi za bei yetu kinaonyesha kama asilimia 95 tu ya picha kwa kila upande, na maovu yote yanakaa kwenye hizo tano zilizobaki.

Kwa hudi ya kuiga ya plastiki, pale kaunta fanya mambo mawili. Ifunge kwenye lenzi yako mwenyewe na uitikise: ikichezacheza, mrudishie. Kisha washa tochi ya simu, umulike ndani. Nyingi zina ndani panapong'aa kama sufuria mpya, na hudi inayong'aa ndani inaimwagia lenzi mwanga uleule ilioajiriwa kuuzuia. Hilo lakini linatibika, usiiache kwa sababu hiyo. Hudi za Canon za bei kubwa huwa na kitambaa laini cheusi ndani, na sisi tuna Biashara Street. Mwombe fundi cherehani kipande cha mahameli nyeusi, yale makombo anayofagia. Kata kwa kipimo cha karatasi kwanza, paka gundi nyembamba, bandika, acha usiku mzima, asubuhi kung'uta nyuzi zote zilizolegea. Yangu nilibandika kwa kipande kilichobaki kwenye blauzi ya mke wangu. Mpaka leo akiiona anauliza blauzi nyingine iko wapi.

Haya, kivuli cha gauni. Flashi ya kamera yako iko juu kidogo tu ya lenzi. Hudi imetokeza mbele yake. Mwanga wa flashi ukishuka kuelekea miguu ya biharusi unaikuta hudi imesimama njiani, na ukiwa umefungua zumu kwa upana ili gauni lote liingie, kivuli kinaingia nalo. Nyuso hazikuguswa kwa sababu ziko juu, ndiyo maana kiskrini kilikudanganya. Ni hudi yoyote, mwanangu, halisi au ya mia nne, na ukivuta lenzi ndefu hata bila hudi inaweza kutokea. Ukumbini, ukiinua flashi ile, hudi itoke. Flashi ya kufunga juu ya kamera inakaa juu zaidi na shida inapungua sana, ukiielekeza kwenye dari jeupe ndiyo kabisa. Lakini kabla ya kununua flashi tumia 50 yako: f/1.8 kwenye taa hafifu inafanya mengi bila flashi, na hapo ES-68 unaiacha mahali pake, kwa sababu balbu za jukwaani za pembeni ni jua jingine.

Hiyo ya petali usimuuzie mwenzako mwenye lenzi kama yako. Mimi yangu niliikata petali kwa msumeno wa chuma nikaipiga msasa ikawa pete ya mviringo, haikunoga wala haikuharibika, inafanya kazi. Ukiwa na kaka mwenye mkono wa fundi, mpe.

Mama wa biharusi ana haki, na usimwendee na habari za petali na flashi. Kaa na picha zako, tenga zote ambazo kivuli kimeshika chini tu, uzikate juu ya upindo. Nyingi zitapona, zikawa za kiuno kwenda juu, na hina ya mikono itaonekana vizuri zaidi. Zile za mwili mzima chagua mbili zenye kivuli kidogo, umpe mtu wa kompyuta mwanamke azisafishe, si kijana wa cyber. Chapisha moja kubwa kwa gharama yako. Nenda mwenyewe baada ya alasiri, uende na mamako au shangazi yako, usitume ujumbe wa simu. Mwambie kosa ni langu, hizi ndizo nilizotengeneza, na gauni mkiniruhusu nitakuja kulipiga tena mchana hapa hapa nyumbani kwenu, biharusi akilivaa, bila malipo. Ya elfu nane usiyataje. Akiyataja yeye, pokea atakachokupa.

Na siku hiyo ya kulipiga tena, piga karibu na dirisha, hudi ya mpira imekunjwa yote nyuma, flashi imelala.